Difu Iliyorudi

Gari la zahanati lilirudi gereji Jumanne asubuhi, likivutwa na trekta, na kabla halijafika getini kila mtu alishajua limemrudia nani. Difu, lile tumbo la meno ya chuma katikati ya ekseli ya nyuma, ilikuwa inalia. Haukuwa mlio wa kuficha. Ulikuwa kama nyuki aliyefungiwa ndani ya debe, unapanda na kushuka kadiri magurudumu ya nyuma yanavyozunguka. Fundi waliyemwita Kipimo alikuwa ameingiza kichwa ndani ya boneti ya pikapu moja bovu, na hakukitoa. Aliutambua mlio ule kama mzazi anavyotambua kikohozi cha mwanawe kati ya watoto kumi.

"Kipimo!" aliita Rangi, mpaka rangi wa gereji, mtu ambaye mdomo wake haukuwahi kukauka hata siku moja. "Mgeni wako kaja. Tena kaja na msindikizaji."

Hilo jina la Kipimo alipewa na wenzake miaka ishirini na kitu nyuma, kwa sababu hakuwa na kipimo. Fundi mwingine akifunga difu hutafuta chombo cha kumwambia meno yameachana kiasi gani. Yeye aliishika krauni, lile gurudumu kubwa la meno lililo ndani ya difu, akaitikisa kwa ncha za vidole, kidogo tu, huku na huku, kisha akasema, "Imekaa." Na akisema imekaa, imekaa. Kuna malori yamezeeka na kuuzwa chuma chakavu, na difu zake hazikuwahi kufunguliwa tena.

Gari hili la zahanati, jipu kuukuu la kijani la magurudumu manne ya kuvuta, alilifunga wiki mbili zilizopita. Alitia beringi mpya, akaipanga krauni na mwenzake mdogo, pinioni, halafu akairekebisha loki. Asiyejua loki ni nini aelewe hivi: gari la kawaida gurudumu moja la nyuma likiteleza, nguvu yote humkimbilia huyo huyo mpumbavu anayezunguka bure, na mwenzake aliyekanyaga pakavu anakaa anatazama. Loki huwafunga ndoa hao wawili. Akienda mmoja, wameenda wote. Bila loki, kile kilima cha udongo mwekundu kinachopanda kwenda zahanati hakipandiki mvua ikinyesha, na mawingu yalikuwa yameanza kukaa mlimani tangu wiki iliyopita.

Sista alishuka kwenye jipu akiwa na tope lililokauka mpaka magotini. Ndiye mkunga, ndiye nesi, ndiye dereva, na mara nyingine ndiye mbebaji.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, Sista. Pole."

"Pole ya nini? Nishazoea." Aliketi juu ya tairi. "Jumamosi nilikuwa nashuka na mama, uchungu umeshamkaza. Pale kwenye kona ya kalvati gurudumu likazama. Navuta mkono wa loki, inashika, nakanyaga mafuta, inaruka. Tak! Nimevuta mara tatu, imeruka mara tatu. Wanaume wanne wakamchukua kwa machela. Wamekwenda hatua mia hivi, mtoto kakataa kusubiri."

Mafundi walisogea karibu.

"Wazima wote wawili," akasema Sista. "Baba mtu alitaka kumwita Difu. Nikamwambia, muonee huruma mwanao."

Rangi alicheka. Kipimo hakucheka.

"Sasa nisikilizeni," Sista aliendelea, na sauti ikawa ya kazi. "Keshokutwa, Alhamisi, lazima nipande. Huko juu kuna mama ana mapacha na wa kwanza amekaa vibaya. Huyo hazaliwi kwenye tope. Nikimkuta, namshusha hospitali siku hiyo hiyo. Kwa hiyo mniambie ukweli mapema, nikaombe gari kwingine, ingawa sijui kwingine ni wapi." Kisha akamwangalia Kipimo kwa huruma, na huruma ile ilimuuma kuliko angetukanwa. "Au ni hizi beringi za siku hizi, mzee?"

"Hakuna kingine!" Rangi alidakia. "Beringi zinapigwa chapa vichochoroni. Mtu anakuuzia boksi zuri, ndani ugonjwa."

Kila mtu aliitikia. Sista mwenyewe alitoa daftari lake la gari akaandika neno hilo, beringi, halafu akaweka alama ya kuuliza mbele yake.

Lakini gereji ile ilikuwa na mila yake, iliyoachwa na mzee aliyeifungua, aliyekuwa amechoshwa na mafundi wa kusukumiana lawama. Kazi iliyorudi hufunguliwa na aliyeifunga, peke yake. Wenzake waruhusiwa kutazama, mikono nyuma. Hakuna kumshikia hata spana mpaka aone kosa na alitamke kwa mdomo wake. Akishatamka, mikono yote inaingia, na habari hiyo hairudiwi tena. Kipimo mwenyewe amesimama mikono nyuma mara nyingi, akiwatazama wengine wakitoka jasho. Yeye hakuwahi kufungua kazi yake.

Alitandika boksi la katoni chini ya jipu akalala chali. Mwili ulikataa kwanza, ukakubali baadaye, kama punda. Akamwaga oili ya difu kwenye beseni, na ilipotulia ikaonyesha unga wa chuma unaometameta kama magamba ya dagaa. Akachomoa ekseli zote mbili. Akafungua shafti. Nati ya kwanza ilimponyoka ikabingiria. Ya pili nayo. Ya tatu aliidhani anayo mkononi, kumbe imeshaangukia shingoni mwake zamani.

"Shemeji, leo nati zinakukimbia," ilisema sauti juu yake. "Umezitukana?"

Huyo alikuwa mdogo wa mke wake. Gereji nzima walimwita Injinia, kwanza kwa kejeli, kwa kuwa alisomea chuo na alikuja na sanduku la vyombo vilivyolazwa kwenye vitambaa kama watoto wachanga. Baadaye kejeli ilikwisha, jina likabaki.

"Zimeona sura yako," alijibu Kipimo toka chini. "Hata mimi ningekimbia."

"Sura hii hii ya dada yangu uliyoililia miaka miwili?"

"Nilikuwa kijana. Kijana hana macho."

Utani wao ulikuwa wa kila siku, lakini leo aliutoa kama mtu anayelipa ada. Alikinyanyua kwa mnyororo kichwa cha difu, kile kipande kinachobeba krauni na pinioni, akakisukuma taratibu mpaka kwenye benchi, akakilaza. Watu walikuja wakasimama nusu duara, mikono nyuma, kama waombolezaji.

Akaanza na beringi, maana ndiko kila mtu alikokuwa anatazama. Alizizungusha. Zilikwenda laini kama maziwa. Zilikuwa beringi nzuri, nzuri kuliko nyingi alizozitia maishani mwake. Akaja kwenye meno ya krauni, na hapo hakuhitaji hata kuinama. Yamesuguliwa upande wa ndani mpaka yanang'aa kama kijiko kipya. Krauni ilikuwa imebanwa mno kwenye pinioni. Meno hayakuachiwa hata nafasi ya kupumua.

Na kosa hilo moja lilikuwa limezaa makosa mawili. Krauni ikisogezwa upande mmoja, nyumba yake yote inasogea nayo, na ile pete ya loki, inayoyafunga magurudumu mawili pamoja, inabaki nyuma. Uma unaoisukuma unafika mwisho wa safari yake kabla pete haijaingia sawasawa. Meno ya pete yanashikana kwa ncha tu. Kwenye uwanja mkavu utasema imeshika. Kwenye tope, gari likiweka uzito, inaruka. Tak.

Sasa, alibanaje? Mtu aliyefunga difu kabla Injinia hajaota meno, alibanaje?

Yeye alijua kosa lilipoanzia. Ilikuwa miezi sita sasa. Siku moja mkewe alimpa chai, akaishika glasi, akawa anazungumza, mpaka mke akapiga kelele, "Baba, unaungua!" Akatazama, kweli, ngozi ilikuwa imeshakuwa nyekundu. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Alimwambia mkewe ni ugumu wa ngozi ya fundi. Akajiambia na yeye hivyo hivyo. Akaenda kazini, akashika krauni ya lori moja, akaitikisa, na vidole havikumwambia kitu. Ilikuwa kama kubisha hodi kwenye nyumba ya watu waliohama.

Hakumwambia mtu. Jina lake lilikuwa Kipimo, angewaambia nini? Alitafuta njia. Akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha kwenye chuma na mpini kwenye sikio, kama mafundi wanavyosikiliza beringi, na mkono mwingine ukaitikisa krauni. Meno yakigongana yanalia, tak, kidogo sana. Yakilia hivyo, nafasi ipo. Yasipolia, yamebanwa. Sikio lake lilikuwa zima. Alifunga difu tatu kwa sikio na zote zikaenda zao salama. Watu walimuona na bisibisi yake wakadhani ni ufundi mpya. Rangi hata alimwiga siku moja, akisikiliza debe la rangi.

Basi hii imekuwaje? Aliichukua ile bisibisi, akaiweka. Akaitikisa krauni. Kimya. Imebanwa kabisa, hata sikio linakiri. Wiki mbili zilizopita lilisema nini?

Ndipo mashine ya kusaga nafaka ya jirani ikawashwa.

Ukuta ule ulikuwa mmoja. Injini ya mashine ilikohoa mara mbili tatu, ikashika mwendo, na benchi likaanza kutetemeka kidogo, kwa kiasi ambacho mtu aliyekizoea hakioni tena. Kipimo alikuwa bado ameegemeza sikio. Mkono wake mwingine alikuwa ameshautoa kwenye krauni, unaning'inia. Na kwenye bisibisi akasikia wazi kabisa: tak. Tak. Tak.

Hakuliinua sikio. Mtu angedhani amesinzia. Siku ile aliyofunga, mashine ilikuwa inasaga. Alikaza, akasikiliza, akasikia tak, akasema bado nafasi ipo. Akakaza tena. Akasikia tak. Aliendelea kukaza mpaka pumzi ya mwisho ya meno ilipotoka, huku akisikiliza injini ya unga. Halafu akawageukia wenzake akasema, "Imekaa."

Alitoa bisibisi sikioni akaiweka chini taratibu.

"Haya, tamka," akasema Rangi. "Beringi, siyo?"

Alitazama nyuso zao. Wote walikuwa wanaomba iwe beringi. Sista alikuwa na kalamu tayari, anasubiri kuifuta ile alama ya kuuliza. Angeitikia kwa kichwa tu, bila hata kufungua mdomo, na aliyeuza beringi asingekuwepo kujitetea. Angetia beringi nyingine, angefunga kwa sikio siku ya mashine kulala, na jina lake lingeendelea. Halafu akamfikiria yule mama wa mapacha. Hakumjua. Hakujua hata kama ni mnene au mwembamba. Lakini alijua ile kona ya kalvati.

Na alikuwa amechoka. Hilo nalo lisemwe. Kuficha ni kazi, na ni kazi isiyo na Jumapili.

"Beringi nzima," alisema. "Nilibana mno."

"Wewe?" Rangi alicheka, kisha akaona anacheka peke yake.

"Mimi. Vidole havisikii. Miezi sita sasa. Nimekuwa nikifunga kwa sikio, na hii niliifunga nikisikiliza mashine ya unga."

Sista ndiye aliyeinuka kwanza. Alichomoa pini kwenye beji ya kifuani kwake, akamshika mkono.

"Funga macho, mzee. Niambie nagusa kipi."

"Cha kati."

"Na sasa?"

"Cha shahada."

"Na sasa?"

Kipimo alifikiri kidogo. "Cha mwisho."

Kipimo alipofungua macho aliona pini imesharudishwa mahali pake, na tone dogo la damu liko kwenye dole gumba.

"Miguu je?" Sista aliuliza.

"Miguu kidogo."

"Kiu? Unaamka kukojoa?"

"Sista, mbele za watu!"

"Alhamisi unapanda na mimi. Vipimo vya sukari ya damu viko huko juu. Siombi, nakuambia."

"Waswahili walisema," Rangi alianza, "mficha maradhi..."

"Malizia uone," alisema Injinia.

Rangi alikwenda kutafuta kitu cha kufanya. Injinia alibaki amesimama, mikono bado nyuma, ingawa mila ilishamruhusu kuitoa. Macho yalikuwa yamemjaa maji, na hasira ndiyo iliyokuwa inayazuia yasianguke.

"Miezi sita tunafanya kazi benchi moja, shemeji. Sanduku langu liko hapo. Saa ya kupimia iko hapo. Ungesema, 'Njoo unisomee.' Basi. Maneno matatu hayo."

"Mawili."

"Usinihesabie maneno!"

"Nilijua ungekuja mbio," alisema Kipimo. "Ndiyo maana."

Injinia alimtazama kama anayetaka kumpiga, kisha akaenda kulileta sanduku.

Saa ile waliiita hivyo kwa sababu ina uso wa duara na mshale. Injinia aliifunga kwenye benchi, akausimamisha mguu wa saa hiyo juu ya jino moja la krauni, akaitikisa krauni. Mshale haukusogea hata mstari mmoja. Walipaswa kupata mistari kumi na tano mpaka ishirini, ambayo ukiiweka yote pamoja haifiki unene wa ukucha.

"Legeza pete ya kukaza beringi, ya upande wa krauni, tundu moja," alisema Kipimo. "Kaza ya pili tundu moja. Usiguse moja ukasahau nyingine, beringi zitalegea."

"Najua."

"Najua unajua. Nasema nisikie sauti yangu."

Mistari mitano. Wakalegeza, wakakaza. Mistari tisa. Kazi ilikuwa ya kuchosha kuliko kubeba mawe, maana kila tundu moja lazima kila kitu kikazwe, kizungushwe, kipimwe upya. Walipofika mistari ishirini, Injinia alitaka kushangilia. Kipimo alimzuia. Alimwita Rangi alete rangi nyekundu kidogo, wakaichanganya na grisi, wakaipaka kwenye meno, wakazungusha. Pinioni ikaacha alama yake juu ya wekundu ule kama dole gumba kwenye hati.

"Ona," alisema Kipimo. "Saa inakuambia nafasi ipo. Haikuambii meno yanaumana wapi. Hii alama imekaa nje mno. Rudisha tundu moja."

"Mistari itapungua."

"Ipungue. Kumi na tano bado ni yetu."

Injinia alirudisha. Wakapaka tena. Safari hii alama ilikaa katikati ya jino, ndefu, imetulia. Macho ya mzee yalikuwa hayana ganzi. Injinia aliiangalia alama hiyo kwa muda, akachukua simu akaipiga picha.

Hiyo ilikuwa Jumatano saa tano. Mchana wakarudisha kichwa cha difu mahali pake, na Kipimo akamwelekeza skrubu ya uma wa loki, nusu mzunguko, halafu nusu ya hiyo nusu, mpaka pete ikaingia mpaka mwisho. Wakainua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, wakaweka loki, na Rangi akaambiwa alizungushe. Alilivuta kwa mikono miwili. Akalining'inia. Akaweka na mguu. Halikusogea. Wakaitoa loki, akalisukuma kwa kidole kimoja, likazunguka lenyewe.

"Hii ndoa imefungwa," alisema Rangi akihema.

Zilibaki boliti za mwisho, za mzunguko wa kichwa cha difu. Aliyelala chini kuzikaza, kazi ilikuwa yake. Ndivyo gereji ilivyokuwa inahesabu. Injinia alimpa Kipimo spana.

"Funga wewe," alisema Kipimo.

"Yako hii."

"Yangu nimeshaitamka."

"Shemeji, usinifanyie hivyo. Watu wataanza kuniletea difu mimi."

"Wampelekee nani? Rangi?"

"Na ikirudi?"

"Ikirudi utaifungua wewe, na mimi nitasimama mikono nyuma."

Injinia alisita. Mwisho alijilaza kwenye katoni akaingia chini. Kipimo alisimama akaweka mikono nyuma, akahesabu boliti kwa mlio wa spana, moja baada ya nyingine, mpaka ya kumi. Kumbe kusimama bila kushika kitu kunachosha kuliko kushika. Hakuwahi kulijua hilo.

Alhamisi walipanda watatu. Injinia alikaa mbele na Sista, maana aliyefunga ndiye anayepanda na gari. Kipimo alipewa kiti cha nyuma, kati ya masanduku ya dawa na machela iliyokunjwa. Mvua ilikuwa imeshuka tangu alfajiri na udongo umekuwa sabuni. Difu ilikwenda kimya. Walikuwa wanasikia wipa tu, na chupa zinazogongana.

Kwenye kona ya kalvati gari liliteleza kitako, gurudumu la kushoto likazama mpaka kwenye ringi. Sista alivuta mkono wa loki. Alikanyaga mafuta taratibu, gari likatikisika, likang'ang'ana, tope likaruka mpaka kioo cha nyuma, na kisha magurudumu yote mawili yakauma ardhi kwa pamoja. Likatoka. Likaendelea kupanda bila haraka, kama mtu mzima anayepanda ngazi.

"Imeshika!" Injinia alipiga kelele, akigeuka na mikono yote miwili hewani. "Shemeji! Imeshika, umesikia?"

Kipimo alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea sanduku la dawa, mdomo wazi, mikono imelala mapajani, viganja juu. Kila gari likiruka naye alikuwa anaruka kidogo, lakini hakuamka.

"Nimuamshe?"

Sista alimtazama kwenye kioo. Mbele yao kilima kilikuwa bado kimebaki nusu.

"Muache," alisema. "Nitamuamsha tukifika, nimtoe damu."